Gauni la mteja linanuka dagaa, na rafiki yangu ananikwepa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 27, naishi Mwanga hapa Kigoma. Nilikuja mjini mwaka 2019 nikitokea Buhigwe, na aliyenipokea ni rafiki yangu wa tangu shule ya msingi. Nitamwita Z. Nilikaa chumbani kwake miezi minne mpaka nikapata baraza la kuwekea cherehani karibu na soko, kisha chumba cha pili yake kikawa wazi, nikahamia. Kwa hiyo tunaishi ukuta kwa ukuta, mwaka wa tano sasa.

Shangazi, nimechoka. Z. anafanya biashara ya dagaa. Saa kumi alfajiri bodaboda wake anapiga honi, yeye huyo mwaloni Kibirizi, na geti letu ni la bati, likifungwa nyumba nzima inaamka. Akirudi na magunia anayapanga koridoni mpaka apate gari la kuyasafirisha. Mimi kazi zinazonizidi barazani huzimalizia nyumbani na kuzipiga pasi, kama masaa mawili kila usiku. Mwezi wa tisa mteja alinirudishia gauni la sendofu ya mdogo wake. Alilinusa mbele ya watu akasema, "Fundi, hili umeshonea wapi, mwaloni?" Watu wakacheka. Nilimrudishia nusu ya hela.

Umeme nao. Tuko wapangaji wanne kwenye LUKU moja (mita ya kulipia kabla), tunanunua kwa zamu, kila wiki mtu mmoja, 10,000. Zamu yangu huangukia mwanzo wa mwezi, na kila mara naletewa uniti chache kuliko wenzangu, hela ni ileile. Halafu Z. ana jagi la umeme: asubuhi anachemsha, usiku anachemsha. Nikisema umeme unaisha ananijibu, "Si wote tunatumia?" Maji ndiyo usiseme. Bomba likitoka usiku wa manane ninayeamka kujaza madumu ni mimi, kukikucha yeye anaoga na kuondoka.

Jingine ni la hela, ila naomba usinione kama nalilia hela. Mwishoni mwa Aprili mwaka huu wa 2024 alinikopa 180,000 za kuongezea mtaji. Nilimtumia kwa simu, akasema wiki tatu. Mei Ziwa Tanganyika likafungwa, uvuvi ukasimama, nikanyamaza. Agosti likafunguliwa, nikangoja. Sasa ni Oktoba na hajatamka neno. Tena tangu Juni amebadilika. Alikuwa analala tu, hapiki, anagonga kuomba kikombe cha unga, baadaye hata hiyo akaacha, akawa anajifungia. Kwenye WhatsApp hayupo, eti simu imeharibika, anatembea na kitochi. Lakini Septemba alivaa sare ya kitenge kwenye harusi ya ndugu zake, na sare hiyo hakunipa mimi nishone. Aliipeleka kwa fundi mwingine, mtaa wa pili tu! Mimi niliyemshonea kila nguo tangu 2019, na sijawahi kumtajia bei ninayowatajia wengine.

Siku hizi tukikutana koridoni hata "mwakeye", salamu yetu ya Kiha, haitoki, kila mmoja anaangalia funguo zake. Juzi niliweka status: "Wengine ni marafiki wa shida zao tu." Wapangaji wenzetu waliiona, nadhani ilimfikia.

Nimepata chumba Gungu. Nataka kuhama mwisho wa mwezi bila kumuaga, na hela yangu nikaidai kwa mwenyekiti wa mtaa. Dada yangu anasema nisamehe tu, mjini ndivyo kulivyo. Nifanyeje, Shangazi? Sina mwingine wa kumwambia haya, maana huyo mwingine alikuwa ni yeye.

Fundi, Mwanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na gauni, kwa sababu hapo una haki yote, na sitaki uisahau haki hiyo nitakapokubana huko mbele. Nguo ya mteja ndiyo ugali wako. Magunia ya dagaa hayana ruhusa ya kulala kwenye koridoo ya watu wanne, na ungemwambia hivyo siku ya kwanza usingekuwa umekosa adabu. Lakini nimeipitia barua yako mara tatu, sijaona mahali ulipomwambia. Umenieleza mimi, ukawaeleza na watu wa status. Yeye je? Utasema ana pua, ananusa mwenyewe. Hanusi, mwanangu. Mimi nimelelewa Ujiji kwenye nyumba iliyokuwa na madebe ya mawese uani, na mpaka nakwenda bweni sikujua kwamba nguo zangu zina harufu. Aliyeniambia ni msichana wa kitanda cha juu, kwa sauti ya chini, na nilimshukuru. Mtu anayeamka na dagaa na kulala na dagaa, pua yake ilishazoea zamani. Mweleze kama unavyomweleza mtu jambo asilolijua: gauni lilirudi, nusu ya hela ilikwenda, magunia yatafutiwe kibanda uani. Na wewe nguo iliyokwisha usiitundike nje ya kabati, nunua sanduku la bati lenye mfuniko.

Kwenye umeme huna haki nyingi kama unavyodhani. Nivumilie nikupigie hesabu.

Hizo uniti chache za mwanzo wa mwezi, hakuna anayekuchezea. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi, na inamwangukia anayenunua wa kwanza mwezi ukianza. Fungua ujumbe wa manunuzi usome makato. Umekuwa ukiwalipia wote, wakati kodi hiyo kwa haki ni ya mwenye nyumba. Mwendeeni mkiwa wanne, aitoe kwenye pango. Akikataa, mgawane.

Tuje kwenye jagi. Jagi la wati 1,800, likichemsha dakika tano asubuhi na tano usiku, kwa siku limekula uniti 0.3. Pasi ya wati 1,000, hata tukisema nusu ya muda inakuwa imejizima, kwa masaa yako mawili imekula uniti nzima. Mwezi ukiisha jagi lake ni uniti 9, pasi yako ni 30. Na hizo 30 ni za biashara yako, wenzako watatu wanakuchangia. Uliposema umeme unaisha, Z. alikujibu "si wote tunatumia?" akaishia hapo. Mimi naona alikusitiri.

Kuna jambo wapangaji wengi hawalijui, nalo linagombanisha nyumba nyingi. Mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wa matumizi ya kawaida analipa 292. Wapangaji wanne kwenye mita moja, mmoja wao fundi mwenye pasi, hamtakaa mbaki chini ya 75. Ughali mnaonuniana kwa ajili yake unatokana na kurundikana kwenye mita moja. Mita ndogo za kugawia zitawaonyesha nani katumia kiasi gani, ila bei hazishushi. Cha kumwomba mwenye nyumba ni kila chumba kiwe na LUKU yake.

Maji ni zamu ya madumu. Iandikeni, ibandikeni ukutani.

Sasa tufike kwenye 180,000, ambayo umeiweka nyuma ya jagi na madumu na bado ukaiombea radhi. Kwa nini uiombee radhi? Ni jasho lako, ni magauni mangapi hayo. Naamini honi ya bodaboda ilikuwepo 2020 na 2021 na ulikuwa ukigeuka upande wa pili unalala. Imeanza kukuamsha baada ya deni.

Zihesabu tarehe. Wiki tatu kutoka mwisho wa Aprili zinaangukia baada ya katikati ya Mei. Ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei. Nadhani alitegemea kuwahi mzunguko mmoja kabla ya siku hiyo, akakosa au ukamlipa kidogo. Baada ya hapo ni miezi mitatu ya kukaa. Kufunga ziwa mimi nakubaliana nako, samaki wapumzike wazaliane, na nchi zote nne zinazolizunguka zilikubaliana. Lakini mchuuzi wa Kibirizi ambaye mtaji wake ni gunia la wiki hii kununulia gunia la wiki ijayo, miezi mitatu anaula mtaji wenyewe. Akimaliza wake anakula na wa kukopa. Hela yako, mwanangu, nina hakika karibu yote ililiwa ikiwa ugali na pango, na pango hilo ni la chumba kilichopakana na chako.

Umeniandikia kwamba Juni alikuwa analala mchana, hapiki, anaomba kikombe cha unga, kisha akaacha hata kuomba. Uliyaandika hayo kama makosa yake. Yasome tena polepole. Huyo ni mtu mwenye njaa, na alikuwa upande wa pili wa ukuta wako. Hata hiyo simu, sitashangaa nikisikia haikuharibika, iliuzwa. Sikulaumu kwa kutoona. Ulikuwa unadai, na anayedai huona deni tu. Lakini ungeuliza.

Na ziwa kufunguliwa tarehe 15 Agosti hakukurudisha hela mfukoni siku ya pili. Unakaa Kigoma, hili unalijua ila hukulihusisha na deni lako: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi, mitumbwi inakaa. Tangu ziwa lifunguliwe mpaka leo amepata giza mbili kamili, yaani vipindi viwili vya siku zisizo na mbalamwezi. Giza la kwanza, kwa mtu aliyetoka kukaa miezi mitatu, linakwenda kwa waliomkopesha chakula na kwa mwenye nyumba. La pili ndilo linaanza kumrudisha kwenye mtaji. Simtetei kwa kunyamaza. Kunyamaza ni kosa lake, na utamwambia. Angekuja Julai akasema "mwenzangu, hela imeliwa", leo usingekuwa unaniandikia.

Kuhusu sare ya harusi, hapo ndipo naona umeumia kuliko kwenye gauni, na ndipo naona umemwelewa vibaya kuliko kote. Wewe hukumtajia bei miaka mitano. Anakuja na kitenge mkononi, ana deni lako la 180,000, na anajua ukimshonea utampunguzia au utamshonea bure. Ataingiaje kwenye hilo baraza? Alikwenda kwa fundi asiyemfahamu, akalipa bei ya watu wote, kwa sababu kwako uso haukubeba. Na sare ya harusi ya ndugu wewe unaijua, hainunuliwi kwa anasa. Usipoivaa unaulizwa na ukoo mzima.

Basi usihame kimya. Fanya hivi.

Ngoja mbalamwezi. Siku hizo mitumbwi haitoki, hana sababu ya kuamka saa kumi, na kichwa chake kimetulia. Usimtumie ujumbe, gonga mlango. Uende na kitu, hata sukari na majani ya chai, mchemshe kwenye hilo jagi. Swali lako la kwanza lisiwe hela. Muulize, "Juni ulikuwa unakula nini?" Kisha unyamaze, umwache aseme, hata akianza kwa kukataa. Status imeshafutika yenyewe lakini maneno yake yapo, kwa hiyo mtangulie: "Niliandika vibaya, naomba unisamehe." Usiseme "kama nimekukosea". Umemkosea.

Baada ya hapo litaje deni kwa kiasi chake, mia na themanini, bila kuzungukazunguka. Dada yako anataka usamehe. Mimi sikubaliani naye. Wewe si tajiri, na deni ambalo halijatajwa halisameheki, linabaki koridoni pamoja na yale magunia. Ila usimpangie malipo ya wiki kama kikoba. Hela yake haiingii kwa wiki, inaingia kwa giza. Mwambie atoe 30,000 kila giza likiisha, mara sita. Andikeni kwenye daftari, kila mmoja aweke sahihi, na ule ujumbe wa muamala wa Aprili uutunze. Giza likiwa baya asikimbie, aje aseme "safari hii nina kumi". Hilo mkubaliane kabisa usiku huohuo, kwamba kuja bila hela si aibu, aibu ni kupita bila salamu.

Magunia na gauni yaseme siku nyingine. Nakujua una orodha ndefu kichwani, na ukiimwaga yote usiku mmoja atasikia kitu kimoja tu, kwamba humtaki.

Mwenyekiti wa mtaa awe wa mwisho kabisa, baada ya kukaa naye na yeye kukana au kukutukana. Ukianza kwa mwenyekiti utapata hela, labda, na habari itakuwa imefika mpaka kwao Buhigwe kabla ya wiki kwisha. Mama zenu watakutana kisimani na hiyo.

Kuhusu Gungu, sina ubaya nako. Kwa kweli fundi anayemalizia kazi nyumbani anastahili chumba kisichopakana na dagaa, na unaweza kuhama na mkabaki marafiki, pengine hata vizuri zaidi. Uliza kwanza kama chumba hicho kina LUKU yake na kama kodi wanataka ya miezi mitatu au sita, usije ukatoa hela yote kwa hasira. Lakini akujue unahama, tena asikie kwako. Mimi niliwahi kuhama bila kuaga nikiwa na umri kama wako, kwa ugomvi wa mkaa. Mkaa, mwanangu. Mwaka wa tatu nikasikia yule mwenzangu amefiwa na mama yake, mama ambaye alinilisha mimi pia. Nilivaa kanga, nikafika mpaka kona ya mtaa wao, nikasikia watu wanalia, nikarudi. Sikujua niingie na uso gani. Mpaka leo sijamwambia kwamba nilifika pale kona.

Umesema huna mwingine wa kumwambia. Hilo nalo lifanyie kazi, pale barazani kuna mafundi wenzako umekaa nao miaka minne, na katika barua yako sijamsikia hata mmoja. Z. ameubeba mji mzima peke yake kwa ajili yako: mwenyeji wako, jirani yako, mteja wako, benki yako, ndugu yako. Ni mengi kwa mtu mmoja, na pengine wewe pia umekuwa hivyohivyo kwake.

Niandikie mkishakaa. Zaidi ya habari za hela, nataka kujua alikujibu nini ulipomuuliza ya Juni.